"Ya" katika "protini ya binadamu"

Tukisema "pamba ya Bariadi", tunataja ilikotoka: udongo wa Simiyu. Lakini insulini ya binadamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982, haikukamuliwa mwilini mwa mtu. Ilitengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni. Ndivyo zinavyopatikana pia protini nyingine nyingi za binadamu, zile za utafiti wa maabara. Hapo "ya" inataja mfano uliofuatwa, si chanzo. Wapo watakaotaka tuseme "protini bandia". Nakataa kabisa: noti bandia hainunui hata kiberiti, ilhali insulini hii ina asidi amino 51 zilezile, kwa mpangilio uleule, na sukari inashuka. Tuandike "protini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria". Ni jina refu, ndiyo, lakini mgonjwa akilisoma hatadhani kuna mtu aliyekamuliwa.