Nyarubanja na butura: maneno mawili ya zamani kwa wanaouza mtandaoni Bukoba na Muleba

Kila mwaka zinatoka orodha mpya: zana kumi za kukuza biashara yako mtandaoni, programu tano ambazo kila mjasiriamali lazima awe nazo. Nyingi ya orodha hizo zimeandikwa na watu ambao hawajawahi kusubiri mtandao ushike wakiwa Kamachumu. Makala hii ina maneno mawili tu, ya zamani kuliko kompyuta yoyote: nyarubanja na butura. Ukiyaelewa vizuri, msomaji, utaweza kuipima zana yoyote mpya kabla hujaiwekea mtaji wako.

Twende taratibu, tuanze na shamba.

Shamba la mwenyewe

Nyarubanja ulikuwa mfumo wa kumiliki ardhi huku Buhaya. Mkama alimgawia mtu wake eneo, pamoja na watu waliokuwa wakiishi humo. Kuanzia siku hiyo wale wakazi wakawa wapangaji, watwarwa, na aliyepewa eneo, mtwazi, akawa na haki ya kuwadai kodi. Mtwarwa ndiye aliyepanda migomba na mibuni, akatia samadi, akapalilia. Lakini ardhi haikuwa yake.

Kahawa ilipoanza kuleta hela enzi za ukoloni, jambo hili likawa zito zaidi. Mbuni ukishaupanda unazaa kwa miaka mingi, kwa hiyo aliyetoa jasho alikuwa na mengi ya kupoteza akiondolewa. Baada ya Uhuru, serikali ililetea nyarubanja sheria maalumu mwaka 1965, na mpangaji akaanza kupata umiliki wa shamba alilolilima.

Neno la pili ni butura. Kahawa huchukua miezi kutoka ua hadi kuiva, na shida hazisubiri kahawa iive. Januari watoto wanataka sare na madaftari, au kuna mgonjwa nyumbani. Mwenye hela anakuja na kukuambia: chukua hizi sasa, kahawa ikiiva ni yangu. Unauza ikiwa bado maua, kwa bei ndogo sana, halafu msimu ukifika unakuwa mtazamaji kwenye shamba lako mwenyewe. Butura imepigwa marufuku mara nyingi tu, na imerudi mara nyingi vilevile.

Nyarubanja ni suala la ardhi. Butura ni suala la fedha na wakati. Sasa tuingie mtandaoni.

Malipo yalitangulia

Ukisoma historia ya biashara ya intaneti iliyoandikwa Marekani, mambo yanaanza na tovuti. Amazon ilianzishwa mwaka 1994, na mteja alikuwa tayari na kadi ya benki mfukoni. Kwetu mpangilio ulikuwa tofauti. Intaneti ya Tanzania ilitegemea setilaiti kwa miaka mingi, ikawa ghali. Watu walikwenda internet kafe, wakalipia dakika, wakasoma barua pepe, wakaondoka. Hata kama ungekuwa na tovuti ya kuuza dagaa wa visiwa vya Muleba, mteja wa Dar angekulipaje?

Jibu lilikuja kwa njia ya simu ya kitochi. Aprili 2008 Vodacom ilizindua M-Pesa nchini. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2009, kebo ya baharini ya SEACOM ilifika Dar es Salaam. Kisha Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukasambaza nyaya hadi mikoani, na Kagera ikawa mlango: Mutukula kuelekea Uganda, Rusumo kuelekea Rwanda.

Angalia huo mfuatano. Njia ya kulipa ilifika kabla ya intaneti ya bei nafuu. Ndiyo maana mpaka leo mwenye duka la mtandaoni Bukoba anaweza kuishi bila tovuti, lakini hawezi kuishi bila wakala.

Katikati ya mabadiliko hayo zikaja blogu. Issa Michuzi alifungua yake mwaka 2005, na baada yake blogu za mikoa zikaota kama uyoga, za Bukoba zikiwemo. Zilibeba habari za misiba, harusi, michango na picha za mitaa, na wasomaji wao wengi walikuwa mbali na nyumbani. Chombo kilikuwa cha bure: unajisajili Blogspot, unaandika, unatafuta matangazo.

Baadaye watu wakahamia Facebook, Instagram na WhatsApp. Chukua mfano wa dada anayeuza senene. Anawakaanga, anawafungasha, anawapiga picha, anaweka status. Mteja wa Mwanza anauliza bei, wanapatana, anaambiwa tuma na ya kutolea. Mzigo unapanda basi au meli, namba ya kondakta inatumwa, biashara imekwisha. Kigumu hapo ni uaminifu. Mtu aliyezoea meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" hatoi hela kirahisi kwa sura asiyoijua. Kwa hiyo mtaji mkubwa wa dada huyu ni wateja waliokwisha kununua wakaridhika, na maoni yao yaliyojaa kwenye ukurasa wake.

Swali: ukurasa huo ni wa nani?

Nyarubanja ya mtandaoni

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Chanzo hakikuwa Bukoba wala Dar: mitambo ya kampuni yenyewe iliacha kuutangazia mtandao njia za kuifikia. Kwa saa hizo, mwenye wateja elfu tatu Instagram alikuwa na wateja sifuri.

Hilo lilikuwa la saa chache. Kuna ya muda mrefu. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni ziliwataka wenye blogu kuwa na leseni ya TCRA, na ada zote za mwanzo zikijumlishwa zilifika takriban shilingi milioni 2.1. Kwa kampuni kubwa hiyo ni hela ya kawaida. Kwa kijana mwenye blogu ya mkoani ni kufunga. Na Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, nchi nzima ilihangaika na mtandao, aliyelipia tovuti na asiyelipia.

Unaona mtwarwa hapo? Anapanda, anatia samadi, anapalilia. Masharti yanabadilika mahali ambapo hana sauti. Tofauti ni kwamba mtwarwa wa zamani aliijua nyumba ya mtwazi wake. Wewe ukifungiwa akaunti leo, unaandikia fomu.

Sisemi uondoke Instagram. Wateja wako huko, na shamba la mwenyewe nalo hulisha. Lakini mpangaji mwenye akili hupanda pia kidogo kwenye kiwanja chake. Andika namba za wateja kwenye daftari, nje ya simu. Ukiweza, sajili jina lako la mtandao lenye .tz, hata kama ni ukurasa mmoja wenye namba ya simu na bei. Jina hilo ukilihuisha kila mwaka unahama nalo: ukibadili kampuni inayohifadhi tovuti, anwani yako inabaki ileile.

Butura ya mtandaoni

Kwa muda mrefu butura ilielezwa kama tatizo la habari: mkulima hajui bei, ndiyo maana anaibiwa. Sasa bei inaonekana. Msimu wa 2024 kahawa ya Kagera iliuzwa kwa minada ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na bei ya siku inafika kwenye magrupu ya WhatsApp kabla ya jioni. Ni hatua kubwa. Lakini mkulima aliyekwama Januari anaijua bei na bado amekwama. Zana ya habari haitibu njaa ya fedha.

Mjasiriamali wa mtandaoni naye ana Januari yake. Oda ipo, mtaji wa kununua mzigo haupo. Anapakua programu ya mkopo, dakika tano hela imeingia. Tupige hesabu ya mfano. Umeomba 100,000, wanakata ada mbele, unapokea 75,000, baada ya siku 7 unarudisha 100,000. Umelipa 25,000 juu ya 75,000, yaani theluthi moja kwa wiki moja. Senene gani wanaleta faida hiyo? Umeuza biashara yako ikiwa bado maua.

Watu wameipa mikopo ya namna hii jina lake: kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Baadhi ya programu za aina hiyo huchukua orodha ya namba zilizomo kwenye simu yako, na ukichelewa wanaopigiwa ni mama mkwe na mwajiri wako. Angalau mnunuzi wa butura alichukua kahawa tu.

Dawa zake hazina mvuto wa orodha za zana kumi. Mwombe mteja atangulize nusu ya malipo kabla hujanunua mzigo. Kopa kwenye kikoba mnachojuana. Kataa oda ambayo huwezi kuigharamia.

Kwa hiyo zana mpya ikija, na itakuja tu, iulize maswali mawili. Je, nikiondoka hapa naondoka na wateja wangu, au nawaacha kwa mwenye shamba? Na je, inanipa hela kwa kuuza nilichonacho, au kwa kuuza ambacho hakijaiva? Kama majibu yote mawili ni mabaya, babu zetu wa Kamachumu na Kashozi walishaijua zana hiyo. Waliiita kwa majina mengine tu.