Kihisi cha floresensi: kinahisi nini, na kwa njia gani?

Mimina kwenye glasi soda ya toniki, ile chungu yenye kwinini. Zima taa za chumbani, kisha imulike kwa taa ya zambarau ambayo watunza fedha hukagulia noti bandia. Soda isiyo na rangi itatoa mwanga wa buluu. Sasa tia chumvi ya mezani, vijiko viwili hivi, ukoroge. Mwanga unafifia. Ioni za kloridi kutoka kwenye chumvi zinagongana na molekuli za kwinini, na nishati inapotea kabla haijatoka kama mwanga.

Hicho ni kihisi cha floresensi katika umbo lake rahisi kabisa: molekuli inayobadili mwanga wake inapokutana na kemikali fulani. Jamaa mmoja wa kwinini, aitwaye SPQ, ametumiwa na watafiti tangu miaka ya 1980 kufuatilia kloridi katika seli hai.

Floresensi ni tabia ya kitu kufyonza mwanga wa aina moja na papo hapo kutoa wa aina nyingine. Kwinini hufyonza miale ya urujuanimno yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 350 hivi, ikatoa buluu ya nanomita 450 hivi. Tofauti ya nishati huishia kuwa joto. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes, aliyefanya majaribio yake kwa mmumunyo wa kwinini pia, aliipa tabia hiyo jina kutokana na madini ya fluoriti. Elementi ya florini nayo ilipata jina lake kwenye madini hayohayo. Ndiyo maana wanafunzi wengine hudhani kila chenye floresensi kina florini. Kwinini haina hata chembe.

Wapo wanaopendelea kusema “mng’ao”. Neno ni zuri ila ni pana mno. Sufuria iliyosuguliwa inang’aa kwa kurudisha mwanga tu. Kimulimuli hujitengenezea mwanga kwa mmenyuko wa kemikali mwilini mwake. Mishale ya saa inayoonekana gizani huendelea kuwaka muda mrefu baada ya taa kuzimwa, wakati floresensi hukoma mara taa inapozimwa. Mambo hayo yote yakiitwa mng’ao, mwanakemia hana la kushika. Heri kutohoa: floresensi.

Kwa upande wa kifaa, “sensa” haifai, maana sensa kwetu ni kuhesabu watu. “Kipimo” nacho kinaahidi zaidi ya kilichopo. Molekuli hii huitikia tu. Tarakimu hupatikana baada ya mwanga wake kulinganishwa na ule wa mimumunyo ambayo ukolezi wake unajulikana. “Kihisi” linatosha.

Kihisi kilichobuniwa maabara kwa kawaida huwa na sehemu mbili: kipokezi kinachokamata kemikali inayotafutwa, na sehemu inayotoa mwanga. Hapa Kiswahili kina maneno yake tayari. Kinachoanza kutoa mwanga baada ya kukamata ni kihisi cha kuwaka. Kinachopoteza mwanga, kama kwinini, ni kihisi cha kuzimika. Cha kuwaka hupendwa zaidi, kwa kuwa mwanga unaweza kuzimwa na vitu vingi visivyohusika.

Hata hivyo, kutazama ukali wa mwanga peke yake kunaweza kudanganya: seli nene hukusanya rangi nyingi, yaani molekuli za kihisi, kuliko nyembamba. Fura-2, kihisi cha kalsiamu kilichotangazwa na Roger Tsien na wenzake mwaka 1985, kilikwepa tatizo hilo. Humulikwa kwa nanomita 340, kisha 380, na kinachosomwa ni uwiano wa mianga miwili inayorudi. Kiasi cha rangi ndani ya seli hakiharibu jibu. Kwa njia hiyo watafiti waliweza kuona kalsiamu ikipanda na kushuka ndani ya seli ikiwa hai.

Tatizo gumu zaidi la istilahi hii limejificha katika neno “cha”. Kihisi cha kalsiamu huhisi kalsiamu, lakini kihisi cha floresensi hakihisi floresensi, huitumia. Utata huu una uzito wake katika mikoa ya Bonde la Ufa kama Arusha, ambako visima vingi vina floridi nyingi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto hugeuka kahawia. “Kihisi cha floridi” na “kihisi cha floresensi” yakiandikwa bila uangalifu katika ripoti moja, msomaji atadhani ni kitu kimoja kilichokosewa herufi. Dawa yake ni kutenganisha majukumu: “cha” ibebe kinachotafutwa, “kwa” ibebe njia. Tuandike kihisi cha floridi kwa floresensi.

Anayeletewa kifaa cha namna hiyo kwa ajili ya kisima bado ana swali moja la kuuliza: kinafanya kazi ndani ya maji? Molekuli za maji huikumbatia ioni ya floridi kwa nguvu, na vihisi vingi vinavyosifiwa maabara hufaulu katika viyeyusho vya kikaboni tu. Jina likiwekwa sawa litaeleza kinachohisiwa na njia yake. Hilo la maji lazima muuzaji alioneshe kwa maji ya kisima chenyewe.