Muvi ya Mau Mau ninayoingoja

Uliza vijana wa Thika General Kago ni nini, wengi watakwambia ni mochari. Wengine watasema ni ile barabara ya kwenda Level 5. Hawajakosea, jina liko hapo. Lakini Kago wa Mboko alikuwa mtu, jenerali wa Mau Mau aliyewasumbua wakoloni upande wa Murang'a mpaka wakamuua 1954. Hiyo peke yake ni muvi, na mimi bado sijaiona.

Waingereza hawakungoja. 1955, vita vikiwa bado moto, wakatoa Simba. Dirk Bogarde ni mzungu anayekuja Kenya kwa kaka yake mwenye shamba, anafika anapata kaka ameshauawa. Miaka miwili baadaye Hollywood ikaleta Something of Value, Sidney Poitier akiwa Kimani na Rock Hudson akiwa rafiki yake wa utotoni. Hii ya pili angalau inajaribu. Kimani anapigwa kofi na mzungu kabla hajaingia msituni, kwa hivyo unaelewa hasira imetoka wapi. (Lafudhi ya Poitier tumsamehe tu.) Shida ni kwamba zote mbili zinataka uogope ukiwa ndani ya nyumba ya mlowezi, ukisikiliza nje kuna nani.

Sasa hesabu. Walowezi waliouawa na Mau Mau miaka yote ya hali ya hatari walikuwa 32. Waafrika walionyongwa na serikali kwa kesi za Mau Mau walikuwa 1,090. Hiyo ni kamba pekee, risasi na kambi za kizuizini hatujagusa. Kwa hivyo niambie, nani alikuwa anaogopa mlango ukibishwa usiku?

Na tusidanganyane. Mau Mau pia waliua Waafrika wenzao, zaidi ya 1,800. Kule Lari, Machi 1953, akina mama na watoto walichomwa ndani ya nyumba zao, halafu kisasi cha upande wa serikali kikaua watu wengine wengi. Muvi ikificha Lari, hiyo itakuwa propaganda kama ya Bogarde, ni vile tu sasa ni yetu.

Lakini thrila ya siasa haihitaji hata bunduki nyingi. Inahitaji siri, na siri tunazo. Kabla ya uhuru wakoloni walichoma mafaili mengine, mengine wakayasafirisha Uingereza wakayaficha Hanslope Park. Yalikubaliwa kwamba yako 2011, wazee wetu waliponusurika kambini walipoenda kushtaki London. 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Skripti ninayoitaka mimi inaanzia karibu zaidi. Panda matatu ya Gatundu, iwe umetoka Ruiru ama Thika. Huko ndiko kwao Jomo Kenyatta, na huko ndiko alikotoka Rawson Macharia.

Oktoba 1952 Kenyatta anakamatwa. Kesi inapelekwa Kapenguria, mbali kabisa na Nairobi, mahali ambapo mawakili wanalala Kitale na kusafiri kila siku kwenda kortini. Jaji ni Ransley Thacker, mstaafu aliyeitwa arudi kazini, na anayepewa pauni 20,000 kwa hiyo shughuli. Soma tena hiyo namba ukikumbuka ni pesa za 1953.

Macharia anapanda kizimbani, anaapa kusema ukweli, kisha anasema Machi 1950 alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo cha Mau Mau. Mashahidi wa utetezi wanasema hakuna kitu kama hicho. Thacker anamwamini Macharia. Aprili 1953 Kenyatta na wenzake watano wanapewa miaka saba kila mmoja.

Kile korti haikuambiwa ni kwamba Macharia alikuwa ameahidiwa kitu: nauli ya ndege, masomo Uingereza, familia yake itunzwe akiwa huko, na kazi ya serikali akirudi. Na alienda kweli. Hapo ndipo ningekaa na kamera kwa muda mrefu. Kijana wa Gatundu yuko chuoni Uingereza, anavaa koti la baridi, anaandika noti, na nyumbani majirani zake wanafungiwa ndani ya vijiji vilivyozungushwa mitaro na miiba. Mwigizaji mzuri hahitaji hata maneno hapo.

1958 anaapa tena, safari hii kwa hati ya kiapo: nilidanganya, na nililipwa nidanganye. Serikali inamshtaki. Si kwa uongo wa Kapenguria, maana kukubali huo ni kubomoa kesi nzima. Inamshtaki kwa hati ya 1958, kwamba hiyo ndiyo ya uongo. Anafungwa. Aliposema walichotaka alipelekwa chuo, aliposema alidanganya akapelekwa jela.

Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961, akarudi nyumbani Gatundu. Macharia naye alikuwa wa huko huko. Fikiria ukiwa yeye, asubuhi hiyo, barabara imejaa watu wanaimba, na wewe unatakiwa upite hapo kwenda dukani.