Birika la Fort Jesus

Juzi Mabela ilinyesha dakika ishirini, nikatoka mbio na ndoo. Majirani walinicheka! Sehemu kubwa ya maji ya bomba Muscat ni ya bahari, hutolewa chumvi tangu kiwanda cha Ghubra kilipoanza 1976.

Sikujali. Wareno walipojenga Fort Jesus kuanzia 1593 waliweka ndani birika la kukinga mvua. Waomani wakaizingira ngome kuanzia Machi 1696, na hawakuingia mpaka Desemba 1698. Waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na njaa. Baadaye Waarabu wakachimba humo kisima cha futi 76. Maji yakatoka chumvi, ya kufulia tu! (Majirani sijawaambia hili.)

Sasa mama, zile hela ni za tangi na milizamu, si za makochi. Nimesikia! Bati letu ni mita 5 kwa 10: mvua ya milimita 20 ni lita 1000, zikimwagika nyingine bado 800. Hesabu hiyo ni mitungi mingapi ya mkokoteni. Maji ya mwanzo myamwage, kunguru wa hapo mnawajua. Masika ni mwezi wa nne.