Mgomo wa marubani: Kwa nini watu wachache wanaweza kuzima shirika zima la ndege?

Jumamosi ya Novemba 5, 2022, abiria waliofika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi walikuta foleni ndefu, mizigo imerundikana na ndege zimeegeshwa tu. Kuanzia saa 12 asubuhi, marubani wa Kenya Airways walikuwa wamegoma.

Marubani wa shirika hilo walikuwa kama 400 hivi, kati ya wafanyakazi maelfu. Wahudumu, mafundi na wakata tiketi hawakuwa wamegoma, lakini safari nyingi hazikuondoka.

Sasa, kundi dogo namna hii linapata wapi nguvu kubwa hivyo? Na kwa nini kila mgomo unaponukia, marubani wenyewe huanza kwa kubishana: tugome au tusigome?

Nguvu yao inatoka wapi?

Leseni ya rubani huenda pamoja na aina ya ndege. Anayerusha Embraer 190 hawezi kuambiwa kesho akarushe Boeing 787. Lazima asome upya, afanye mazoezi kwenye mashine inayoigiza ndege, kisha apimwe. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, au hata miezi.

Kwa hiyo shirika haliwezi kutafuta mtu wa kushika usukani kwa siku moja, kama basi la abiria linavyompata deiwaka. Hata marubani wachache wanaobaki kazini hawawezi kurushwa usiku na mchana, kwa sababu sheria za usalama zinaweka kikomo cha saa za kuruka.

Ila nguvu hiyo ina sharti moja: wagome pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hofu zinazowagawanya

Hapo ndipo mjadala huwa mkali. Katika mashirika mengi, mshahara, ratiba, aina ya ndege na kupanda cheo kuwa kapteni hufuata namba ya ukongwe, yaani nani alianza kazi kabla ya nani. Ukihamia shirika lingine, uzoefu wako unakwenda nao, lakini kwenye orodha unaanzia mkiani.

Kapteni mwenye miaka 60 anajua kwamba kwenye safari za kimataifa za abiria mwisho ni miaka 65. Akifukuzwa leo, ataanzia wapi? Rubani kijana naye bado analipa deni la chuo cha urubani. Na wote wawili wana swali moja wasilopenda kulisema kwa sauti: nikibaki nje halafu wenzangu wakaingia, itakuwaje?

Marekani 1985: Vijana 570

Mfano unaokumbukwa sana na marubani ni wa United Airlines, Mei 1985. Kampuni ilitaka marubani wapya walipwe kidogo kuliko waliowatangulia, kwa kazi ileile. Waliokuwa kazini wasingepunguziwa chochote, lakini waligoma kwa siku 29 kwa ajili ya watu ambao wengine hata hawakuwa wameajiriwa.

Wakati huo kampuni ilikuwa na vijana wapatao 570 iliowapa mafunzo. Waliambiwa waje warushe ndege wakati wa mgomo. Karibu wote walikataa. Mgomo uliisha kwa maafikiano, si kwa ushindi wa upande mmoja, na vijana hao walinyimwa kazi mpaka suala lao lilipofika mahakamani.

Australia 1989: Umoja uliogonga mwamba

Lakini umoja peke yake hautoshi. Mwaka 1989 marubani wa safari za ndani nchini Australia walidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 29.47. Walianza kwa kufanya kazi saa za ofisi tu, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Mashirika yalipoanza kuwashtaki mmoja mmoja, zaidi ya 1,600 walijiuzulu kwa pamoja mwezi Agosti.

Waziri Mkuu Bob Hawke hakulegea. Serikali ilitoa ndege za jeshi kubeba abiria, ikaruhusu ndege na marubani kutoka nje. Mashirika yakaajiri wapya taratibu, na wengi wa waliojiuzulu hawakurudi tena kwenye kazi zao. Walishikamana mpaka mwisho, lakini kwa kujiuzulu walikuwa wameziachia nafasi zao wenyewe.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inaweka masharti: mgogoro uhusu ajira, upatanishi uwe umeshindikana, na notisi ya maandishi ya siku 7 itolewe.

Waongoza ndege wamo kwenye orodha ya huduma muhimu ambazo mgomo hauruhusiwi. Marubani hawamo. Hata hivyo mwajiri anaweza kukimbilia mahakamani kuomba mgomo usimamishwe, na mara nyingi mchezo huamuliwa huko.

Nairobi iliishaje?

Chama cha marubani, KALPA, kilitoa notisi ya siku 14 mwezi Oktoba 2022. Dai kubwa lilikuwa michango ya akiba ya uzeeni ambayo kampuni iliacha kuilipa kipindi cha corona. Mahakama iliamuru mgomo usitishwe, lakini marubani wakagoma tu.

Kampuni ilisema inapoteza karibu shilingi milioni 300 za Kenya kwa siku. Zaidi ya abiria 10,000 waliathirika. Siku ya tatu, kampuni ikatangaza kujitoa kwenye makubaliano yake na chama hicho.

Siku ya nne Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliwaamuru marubani warudi kazini saa 12 asubuhi ya Novemba 9 bila masharti. Pia iliizuia kampuni kuwaadhibu. Marubani wakarudi, na dai la akiba likabaki mezani.

Miaka sita nyuma, Oktoba 2016, chama hichohicho kilitishia kugoma kikitaka mwenyekiti wa bodi na mkurugenzi mkuu waondoke. Mgomo haukufanyika, lakini mwenyekiti aliachia nafasi mwezi huohuo, na mkurugenzi akaondoka mwaka uliofuata.

Ndiyo maana wakati mwingine tishio hufaa zaidi likibaki tishio. Ukigoma, hesabu ya fedha na ya siku inaanza kwa pande zote mbili: kampuni inapoteza abiria, na marubani wanaanza kuangaliana nani atarudi kwanza.

Kwa hiyo ukisikia tena kwamba marubani wanapiga kura ya kugoma, usiangalie tu ni wangapi wamesema ndiyo. Jiulize ni wangapi watakuwa bado wako nje siku ya nne, amri ya mahakama ikiwa mkononi.