Busia na Malaba kwa Miguu: Siku Moja Kwenye Mpaka Unaoweza Kuvuka Bila Kujua

Kama umewahi kupita Busia ukiwa ndani ya basi la Kampala, usiku wa manane, macho nusu, ukashuka tu kugongewa muhuri na kurudi kulala, basi Busia hujaiona. Umeona taa na foleni ya malori. Huu ni mji wa kutembea, na kuna sababu: kazi moja kubwa ya vijana Afrika Mashariki ilizaliwa hapa kwa sababu watu walichoka kutembea.

Stori iko hivi. Kati ya geti la Kenya na lile la Uganda kulikuwa na kipande cha barabara kisicho cha mtu, karibu kilomita moja. Gari likitaka kupita lilihitaji makaratasi. Mtu wa miguu alihitaji jasho tu. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli wakaona doh hapo. Wakafunga kakiti kenye godoro nyuma, wakaanza kubeba wasafiri na mizigo yao kutoka boda moja hadi boda nyingine, wakiita wateja "boda, boda!" Jina likashika. Leo nduthi inaitwa boda boda Nairobi, Kampala na hata Dar, na wengi wanaoipanda hawajui kwamba wanataja mpaka. Usiulize kama ilianzia Busia au Malaba, maana kila mji unadai mtoto ni wake.

Kufika si ngumu. Kutoka Kisumu unapanda mathree inayopitia Maseno, Luanda, Ugunja na Bumala. Fika mapema, saa mbili asubuhi ikikupata umeshashuka stage, kwa sababu ikigonga saa sita jua la Busia halina huruma. Vaa viatu vilivyozoea vumbi. Na kabla ya yote, piga mfuko kofi uhakikishe kitambulisho kiko. Kile original, si picha kwa simu. Tutarudi hapo.

Kutoka stage fuata barabara kubwa kuelekea magharibi. Huwezi kupotea, malori yenyewe yanakuonyesha njia. Kando ya barabara utasikia Kiswahili, Kiluhya cha Wakhayo, Wamarachi na Wasamia, Kiteso, Kijaluo, na Kiganda kinachoingia na kutoka bila muhuri. Ukitaka kuonekana mtu wa maana, sema "Mulembe" kwa Mluhya na "Yoga" kwa Mteso. Hiyo pekee inaweza kukupunguzia bei ya njugu.

Zama Soko Matope, na hapo usiwe na haraka. Hili ni soko la nafaka, na wenyewe ni akina mama. Mahindi, maharagwe, mtama, wimbi, njugu, simsim, mihogo iliyokaushwa ikavunjwa vipande vyeupe kama chokaa. Sehemu kubwa inatoka upande wa pili. Gunia linafika, linamwagwa kwenye turubai, linapepetwa, linapimwa kwa gorogoro, kisha linaondoka kuelekea miji ambayo wakazi wake wanadhani unga hutoka supermarket. Simama pembeni ya mizani dakika kumi tu na utaelewa uchumi wa huku kuliko ukisoma gazeti wiki nzima: mvua ikikosa Uganda, bei inapanda hapa kabla haijapanda kwako. Lakini usitoe simu na kuanza kurekodi watu. Omba kwanza. Mama ambaye amewahi kunyang'anywa mzigo njiani hapendi kamera ya mtu asiyemjua, na hana kosa.

Sasa, geti lenyewe. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Zamani ulipanga foleni ya kutoka Kenya, ukatembea, ukapanga tena foleni ya kuingia Uganda. Siku hizi unapita tu upande wa Kenya na kwenda moja kwa moja kwenye jengo la Uganda, ambako maafisa wa nchi zote mbili wanakaa pamoja. Ukirudi, mambo yanafanyika kwenye jengo la Kenya. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, si lazima pasipoti. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana ikiulizwa hutaki kuanza kubishana. Na usipige picha ya jengo, askari wala mizigo inayokaguliwa. Hiyo simu unaweza kuipoteza.

Ukiwa hapo, angalia baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Wanaozipanda wengi ni watu wenye ulemavu wa miguu, na kwa miaka mingi wamejijengea kazi ya kuvusha bidhaa hapa. Kile kiti kina nafasi ya mzigo, na maafisa kwa kawaida hawakuwa na moyo wa kuwakagua sana. Wengine walijenga nyumba na kusomesha watoto kwa kazi hiyo. Kwa hivyo ukiona moja inakuja mbio imejaa katoni, sogea. Huyo hahitaji huruma, anahitaji njia.

Na hapa ndipo mgeni huchomeka. Mjini Busia hakuna mto wala ukuta unaokuambia Kenya imeisha. Mpaka unapita nchi kavu, katikati ya nyumba, maduka na vichochoro. Unafuata harufu ya chapati, unakata kona mbili, na ghafla simu inakupigia meseji ya kukukaribisha Uganda. Ila usiiamini sana, maana mitandao huku huvuka mipaka hata ukiwa bado Kenya, na data yako inaweza kuliwa ukiwa umekaa tu. Angalia vitu vingine: namba za magari, bei zilizoandikwa ukutani, jina la mtandao kwenye kibanda cha kutuma pesa. Ukisikia watu wanataja Sofia, jua huko ni Uganda.

Wenyeji hupita njia hizo za panya kila siku. Shamba liko huku, shangazi yuko kule, na karao anawajua kwa sura. Wewe hakujui. Ukishikwa upande wa pili bila kupita kituoni, wewe ni mtu aliyeingia nchi ya watu kinyume cha sheria, na siku yako ya matembezi inaishia seli au kwenye mazungumzo ya gharama. Kama ni kuvuka, vuka kwa geti. Ni bure na ni dakika chache.

Usikasirikie sana huo mstari usioonekana. Kabla ya 1902 ungekuwa Uganda hata ukisimama karibu na Naivasha! Mwaka huo Waingereza walihamisha mkoa mzima wa mashariki wa Uganda ukawa upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta ndugu wamegawanywa, na hakuna aliyewauliza. Wamarekani na Wameksiko wanaovuka kwa miguu kati ya Tijuana na San Ysidro kila siku wanajua hii stori, ila kule kuna ua wa chuma mrefu. Busia kuna kibanda cha kinyozi.

Ukishavuka, badilisha pesa benki au kwenye duka la kubadilisha fedha. Wale wanaoshika bunda mkononi barabarani wana vidole vya haraka kuliko macho yako. Shilingi moja ya Kenya hukupa zaidi ya ishirini za Uganda, kwa hivyo utajiona sonko kwa saa moja. Kula rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, au kikomando, ambacho ukweli usemwe ni chapo dondo yetu iliyopewa cheo cha jeshi. Vitenge ni vizuri na bei ni poa. Ila wakifunga kwa mfuko wa plastiki, uache hukohuko. Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo tangu Agosti 2017, na kisingizio cha "nilipewa dukani" hakijawahi kufanya kazi. Na kama umeamua kununua vitu vya kuuza, uliza cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale kituoni. Mzigo wa bidhaa za Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000 unapata cheti hicho bila maneno mengi, na ushuru wa forodha huulipi.

Mchana, rudi Kenya upande Probox ya Malaba. Ni kama kilomita 30, kupitia Alupe, ambako zamani palijulikana kwa hospitali ya wagonjwa wa ukoma na leo kuna chuo kikuu, halafu Adungosi.

Malaba ni mji tofauti kabisa. Hapa mto upo, Mto Malaba wenyewe, na daraja, kwa hivyo hutachanganyikiwa. Mfalme wa Malaba ni lori. Tembea kando ya foleni na usome namba: Kenya, Uganda, Rwanda, Kongo, Sudan Kusini. Karibu kila kinachoshuka meli Mombasa kwenda bara kinapumzika hapa, na mji unakula kwa kupumzika huko: hoteli za ugali saa tisa usiku, mafundi wa tairi, vyumba vya kulala, wauza maji. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakingoja kupimwa korona, foleni ilikuwa ya makumi ya kilomita na watu walilala chini ya trela kwa siku kadhaa. Reli nayo inapita hapa, ile nyembamba ya zamani iliyofika Kampala mwaka 1931. SGR iliyofunguliwa 2019 iliishia Naivasha.

Ukiwa na siku ya ziada, chukua nduthi hadi Kakapel, kwenye vilima vya Teso Kaskazini. Kuna michoro ya kale kwenye mwamba, na wataalamu walichimbua kunde ya miaka 2,300 chini yake. Kwa miguu kutoka Malaba ni mbali, usijaribu.

Jioni, kama umefikisha miaka 18, tafuta mwenyeji akupeleke kwenye ajono, pombe ya wimbi ya Wateso. Chungu kimoja katikati, maji moto yanaongezwa, mirija mirefu inatoka kila upande. Shika mrija kwa mkono wa kulia na usipulize. Nenda mahali pa heshima penye leseni, maana karao wa Malaba huja bila kupiga simu. Na usikae sana: magari ya Bungoma hupungua giza likiingia, na lifti ya lori usiku si mpango.