Nani Anabaki na Mtoto? Historia Fupi ya Malezi ya Mchana Mijini

Saa kumi na moja alfajiri, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, kuna msafara usioandikwa popote. Mchuuzi anayewahi samaki Feri, muuguzi wa zamu ya asubuhi na mfanyakazi wa kiwandani hupita kwanza kwenye mlango wa mama mmoja wa mtaani. Humkabidhi mtoto aliyefunikwa kanga, mkoba wa nguo na chupa ya uji, kisha hukimbilia kituo cha daladala. Nyumba hiyo haina bango. Watu huiita kwa jina la mwenyewe: kwa Mama Fulani. Katika daftari la serikali mara nyingi haimo, lakini kwa mtoto ndiko anakoishi sehemu kubwa ya siku.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Swali ambalo methali hiyo haikulazimika kuuliza ni hili: kati ya alfajiri na magharibi, anayelea ni nani? Na mzazi anapomchagua huyo, anatazama nini? Hoja yangu ni kwamba kwa vizazi kadhaa mzazi wa mjini ametafuta mtu anayefahamika na anayeonekana na wengine, ilhali dola, kila ilipojishughulisha na jambo hili, imetanguliza jengo. Tofauti hiyo ina historia, na watoto wetu ndio wanaoilipia.

Tuanze na nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili iliyoijenga Kariakoo, Ilala na Magomeni ina ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma. Wapangaji waligawana jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Serikali ya kikoloni ilimhesabu mfanyakazi wa Kiafrika kama mseja aliyekuja mjini kwa muda, hivyo mshahara wake haukupangwa kwa kufikiria mke wala mtoto. Familia zilipoongezeka mjini baada ya Vita Kuu ya Pili, pengo hilo lilizibwa uani. Mwanamke aliyekaanga maandazi ya kuuza alibaki na watoto wake na wa chumba cha pili.

Tusiipambe picha hiyo. Uani palikuwa na ugomvi, magonjwa na moto wa mkaa. Lakini palikuwa na kitu kimoja ambacho mzazi alikitegemea, nacho ni macho mengi. Aliyempiga mtoto kupita kiasi alionekana. Aliyemnyima chakula alisemwa. Imani ya mzazi haikutokana na wema wa watu wa kale peke yake, bali na ukweli kwamba mlezi hakuwa peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa.

Baada ya uhuru, malezi ya mchana yaliingia katika siasa. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulioundwa mwaka 1962, chini ya uongozi wa Bibi Titi Mohamed, ulihimiza wanawake washiriki katika ujenzi wa taifa, na vituo vya kulelea watoto vikawa sehemu ya kazi za umoja huo. Azimio la Arusha la 1967 lilitaka kila mwenye nguvu afanye kazi. Viwanda kama Urafiki vilifunguliwa. Katika vijiji vya ujamaa navyo vilianzishwa vituo vya watoto ili mama aende shambani. Kwa mara ya kwanza, dola ilikiri hadharani kwamba kumlea mtoto wakati mama akizalisha ni jambo la jamii nzima.

Mwaka 1981, miaka miwili baada ya Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, Bunge lilitunga Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana, Na. 17. Dhamira ilikuwa njema. Lakini sheria hiyo ilikuja wakati uchumi uliopaswa kuvibeba vituo hivyo ulikuwa unaporomoka.

Hapa naomba radhi kuingiza kumbukumbu yangu. Mama yangu alikuwa muuguzi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akiniacha kwa jirani yetu, mwanamke mtu mzima tuliyemwita Bibi ingawa hatukuwa na udugu naye. Malipo hayakuwa fedha. Yalikuwa nusu kipande cha sabuni, au sukari kidogo iliyopatikana kwa foleni. Siku moja nilimuuliza mama kwa nini alimchagua yeye na si mwingine aliyekuwa na nyumba kubwa zaidi. Alinijibu: "Kwake mlango ulikuwa wazi, na kila aliyepita alikuona."

Mishahara ilipopoteza thamani, na hasa baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, wanawake wengi zaidi walitoka kutafuta riziki: maandazi, mitumba, mama lishe. Familia zenye uwezo kidogo zilimleta msichana kutoka kijijini, mara nyingi aliyemaliza tu darasa la saba, akawa "dada". Tulikuwa tunamkabidhi mtoto kwa mtoto. Na tofauti na uani, dada huyu aliachwa peke yake ndani ya nyumba yenye geti. Sheria ya Mtoto ya 2009 iliweka umri wa kuanza kazi kuwa miaka 14, lakini umri halali haumfanyi mtu kuwa mlezi, wala haumlindi dada mwenyewe asionewe.

Wakati huo huo jiji lilikua. Sensa ya 1967 iliihesabu Dar es Salaam kuwa na watu wapatao 273,000. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni 5.3. Bibi na shangazi wako mikoani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, ambazo anaweza kuanza kuzitumia wiki nne kabla ya kujifungua, na baada ya hapo hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Wataalamu wa afya wanamtaka anyonyeshe maziwa pekee kwa miezi sita. Darasa la awali katika shule ya serikali linamsubiri mtoto akiwa na takriban miaka mitano. Katikati ya likizo hiyo na darasa hilo pana miaka karibu mitano. Mama lishe, asiye na mwajiri, hana hata hizo siku 84.

Pengo hilo ndilo linalojazwa na kwa Mama Fulani. Sikilizeni maswali ambayo mzazi huuliza kabla ya kumwacha mwanawe huko. Je, mama huyu ametokea wapi, na nani anamjua? Wanawe mwenyewe wamekuaje? Nani mwingine analala katika nyumba ile? Anabaki na watoto wangapi akiwa peke yake? Jiko na ndoo za maji viko wapi? Mtoto akipata homa, atanipigia simu au atasubiri jioni? Atanipokelea kabla jua halijachomoza? Nikikosa leo, nitalipa kesho? Na jioni, akimwogesha mwanawe, mama huukagua mwili wake kimya kimya. Huo nao ni ukaguzi.

Sasa linganisheni na maswali ya ofisini. Sheria ya 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1981, inataka kituo kisajiliwe. Mwombaji hutazamiwa kuwa na vyumba vya kutosha, vyoo, uzio, eneo la kuchezea na mlezi mwenye mafunzo. Hakuna hata moja lisilo na maana. Lakini kwa mama wa vyumba viwili vya kupanga Tandale au Buguruni, orodha hiyo ni mlango uliofungwa. Akigundulika, hufungiwa, akifungiwa, watoto hawarudi kwa mama zao, bali huhamia kwa mwingine anayejificha zaidi. Tumeongeza uzio na kupunguza macho.

Sitetei kila nyumba. Zipo ambamo watoto ishirini hubanwa katika chumba kimoja, wakatulizwa kwa runinga au kwa fimbo. Zipo ambamo mambo mabaya zaidi yamefanyika. Na mzazi maskini, hata akiwa na maswali yote, huyameza mengine kwa sababu hana chaguo. Ndiyo maana hatuwezi kusema soko litaamua. Anayechelewa kazini hana muda wa kulinganisha walezi watatu.

Mwezi Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na programu hiyo imeutambua umuhimu wa miaka ya mwanzo. Kwa ndugu zangu watumishi wa umma wanaosoma hapa, ombi langu ni la kawaida. Anzeni na maswali ya mzazi. Uwekwe usajili wa ngazi ya mtaa kwa mlezi wa nyumbani, usio na ada ya kumkimbiza, wenye ukomo wa idadi ya watoto. Afisa ustawi wa jamii na mhudumu wa afya wa jamii wapite mara kwa mara, kwanza kumfundisha, kisha kumkagua. Jina lake libandikwe ofisi ya serikali ya mtaa ili mzazi mgeni apate pa kuuliza. Na pale penye hatari ya kweli, pafungwe bila kusita, watoto wakiwa wameshatafutiwa mahali pengine.

Kwa wanafunzi na wanaharakati, mada hii haijaandikwa vya kutosha. Nendeni mkawahoji bibi zenu: mlipokwenda kazini, mtoto alibaki na nani? Majibu yao ni sehemu ya historia ya kazi katika nchi hii, sawa na historia ya makuli wa bandari na mgomo wao. Bila mwanamke aliyebaki na watoto uani, wengi wa waliokwenda kiwandani, hospitalini na sokoni wasingekwenda.